Hesi Ndani ya Hesi

Aliyeiharibu injini ya mkwe wangu Ditas ni mimi. Nalisema mwanzoni kabisa, maana mashahidi wote wangali hai na midomo wanayo, na ukiwasikiliza wao utaambiwa nilimwaga ndoo nzima ya damu. Haikuwa ndoo. Kilikuwa kikombe kimoja cha kahawa, tena hakikujaa.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Ditas alikuwa amefungua kichwa cha injini ya ngalawa yake akwangue masizi na kubadili gasketi, kwa sababu Jumamosi saa moja asubuhi ngalawa ilitakiwa mbele ya Mwalimu Vilma. Kisiwa chetu kina shule ya msingi tu. Watoto wakubwa wanasoma Talisawan, ng'ambo ya mlango wa bahari, na kila mwaka ngalawa ya kuwavusha inachaguliwa kwa vikaratasi ndani ya kopo la maziwa. Miaka sita mfululizo kopo lilimpenda Kulas, mwenye ngalawa mwenzake Ditas. Mwaka huu mkono wa mwalimu ukatoka na jina la Ditas, na Kulas akatoka wa pili. Ila sharti lipo: Jumamosi ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa, ngalawa ipakie wazazi kumi na wawili, ivuke, irudi, injini isizimike hata mara moja. Ikizimika, au ikichelewa, safari za mwaka mzima anazichukua wa pili.

Mwanangu Roding, mume wa Ditas, ni mpishi wa meli, na meli yenyewe imezuiwa bandarini nchi za watu, yeye na masufuria yake, na mshahara hauji. Kwa hiyo Ditas alishasema wazi: akikosa safari za shule, ngalawa inauzwa, yeye anakwenda Manila kufanya kazi za ndani, na wanawe wawili wanabaki na mimi. Nina miaka sabini na minne. Wajukuu zangu nawapenda, lakini kwa zamu. Tena mama yao wanampenda kuliko mimi, na wana haki.

Sasa, damu. Kwetu injini ikipasuliwa tumbo, kabla haijafungwa inaonjeshwa damu ya kuku, isije ikajitafutia yenyewe damu ya mtu. Marehemu mume wangu alipuuza. Alinunua injini akaiwasha kavukavu, na wiki haijaisha mkanda ukamla kidole. Cha mguu! Mpaka leo sijui mguu ulikuwa unatafuta nini kule.

Ditas mambo hayo hayataki. "Nay," aliniambia, kwani mimi ni Nay, mama, wa kila mtu pale ufukweni, "injini inataka oili. Kuku anataka mchuzi." Kisha akaenda dukani kufuata gasketi, akaniachia kazi ya kulinda vyuma: mchanga usiingie, na kuku niwafukuze wasipande juu.

Kuku niliwafukuza wote isipokuwa mmoja.

Nikaionjesha injini damu yake, kisha nikaipangusa vizuri kwa upindo wa sketi yangu, hakuna ambaye angejua. Lakini pale juu, kichwa kinapokalia, kuna matundu manne ya bolti, na matundu yale nikayaona kama vinywa vya watoto vimeachama. Nikatia kila kimoja tone lake, kama dawa ya minyoo. Kila kinywa matone mawili, basi. Labda matatu.

Ditas akarudi, akaweka gasketi, akaweka kichwa, akaanza kukaza. Bolti ya kwanza ngumu. Ya pili ngumu. Ya tatu akavuta spana kwa mikono miwili, ikakaza, ikakaza, halafu ghafla ikalegea, ikawa inazunguka kama kijiko kwenye uji. Alipoichomoa, ilikuwa imejivika utepe mwembamba wa aluminiamu unaometa. Zile zilikuwa hesi za shimo, yale meno yanayoishika bolti, zimeng'oka zote zimeifuata bolti nje.

Ditas hakulia. Alikaa chini mchangani, akajiviringishia ule utepe kidoleni, akasema, "Kule Manila watumishi wa ndani wanalala saa ngapi?"

Mtu pekee wa kutengeneza kitu kama hicho kisiwani ni Isko, na Isko siku hiyo alikuwa Talisawan. Alirudi Ijumaa mchana. Na Isko ni Msabato, Msabato wa baba na babu. Ijumaa jua likigusa maji, anaweka chini chochote alichoshika. Mwaka juzi injini ya padri wetu ilibaki ikining'inia kwenye mnyororo mpaka Jumapili asubuhi, padri akaenda kusalisha misa ya kisiwa cha pili kwa makasia, akafika amelowa na hana sauti ya kuimba. Kwa hiyo tulipomfikishia Isko injini, mimi upande mmoja wa mti wa kubebea na Ditas upande wa pili, tulikuwa na saa tano za jua.

Isko ni mnene, wa miaka hamsini hivi, na vidole vyake ni vinene kama ndizi. Nilijiuliza vitaingia wapi. Alitia kidole kidogo kwenye lile shimo, akafumba macho, akakizungusha polepole kama mtu anayeonja.

"Zimekwenda," alisema. "Yamebaki meno mawili huku chini. Kama mdomo wa Nay Poten."

"Yangu matano, Dong," nikamwambia, kwani kwetu mwanamume mdogo kwako ni Dong, na mwanamke ni Day. "Na yote yanauma watu."

"Kaka Isko, inatengenezeka au haitengenezeki?" Ditas hakuwa na nafasi ya meno yangu.

"Subiri. Kwanza nataka kujua kwa nini. Wewe si mtu wa kukaza kwa nguvu za kijinga." Akachukua waya mwembamba, akaukunja ncha, akaanza kuchokoa yale matundu matatu yaliyobaki salama. Waya ukatoka na kitu cheusi kinachonata. Akanusa. Akachokoa tena. Safari hii ukatoka na kinyoya kidogo, chekundu, kizuri kabisa.

Isko akakiinua kwenye mwanga. "Ditas, injini yako hii inataga?"

Ditas akageuza shingo kunitazama, polepole. Mimi nilikuwa natazama dari. Dari la Isko lina mambo mengi sana ukiliangalia vizuri.

"Nay."

"Mm?"

"Jogoo mwekundu yuko wapi? Tangu jana sijamsikia."

"Nilifikiri kaenda kutembea."

"Na ile supu ya jana?"

"Ndiko alikotembea."

Nilitegemea kelele. Kelele ningeziweza, nimezizoea. Lakini Ditas alichukua kitambaa akaanza kupangusa bolti, moja moja. Nikaanza kujitetea mwenyewe: matone mawili tu, Dong Isko, damu ni maji, bolti ni chuma, tangu lini maji yakavunja chuma?

Isko hakunibishia. Alikwenda rafuni akaleta bomba la sindano analochomea watoto wa mbuzi, lisilo na sindano, akalijaza maji, akaziba mdomo wake kwa kidole gumba, akanigeuzia upande wa kusukumia. "Sukuma, Nay."

Nikasukuma. Halikwenda. Nikasukuma kwa viganja viwili. Nikaliegemeza mezani nikalilalia kwa kifua, na Mungu amenipa kifua. Halikusogea hata unene wa ukucha.

"Upepo ungebanwa," alisema Isko. "Maji hayabanwi. Matundu haya hayatokei upande wa pili, yana chini yake. Bolti iliposhuka ikakuta damu imekaa chini, na damu haina pa kwenda. Ditas anavuta, bolti inashuka, damu inakataa. Hapo kuna mmoja lazima ashindwe, na aliye laini kuliko wote ni aluminiamu."

Nilibaki na lile bomba mkononi. Miaka sabini na minne nimeyachota maji, nimeyanywa, nimeyavuka, nimezaa huku yanakaribia kuingia ndani ya nyumba, na sikuwahi kujua kwamba yana ukaidi wa namna hiyo. Tone. Tone tu chini ya shimo, limekaa kimya gizani, na mwanamke mzima mwenye spana hawezi kulishinda. Nikaona aibu, lakini niseme kweli, chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine. Nilitaka kulisukuma tena.

"Inatengenezeka," Isko akasema. "Lakini umeme tangu tufani haujarudi, na mashine ya kukerezea inataka miguu."

Mashine yake ameifunga pedali na mnyororo wa baiskeli. Mke wake Ludi ndiye hukanyaga, na siku hiyo Ludi alikuwa anapika chakula cha Sabato.

"Nay atakanyaga," alisema Ditas. Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu habari ya supu, na hayakuwa na alama ya kuuliza.

Mimi sijawahi kupanda baiskeli maishani. Nilifunga sketi mapajani, nikapandishwa.

Kwanza lakini Isko alifanya jambo lililonifanya nipige ishara ya msalaba, ingawa mbele ya Msabato. Alichukua keekee ya mkono na kulitoboa lile shimo likawa kubwa zaidi. Lile shimo bovu! Ditas alishika mdomo. "Unaliponya kwa kulikuza?" nikauliza.

"Naondoa kilichokufa, Nay. Siwezi kujenga juu ya kilichokufa."

Kisha akatia mafuta ya taa kidogo, akasimamisha chuma cha kukatia hesi, kifupi, chenye makali pembeni, akakishika kwa mpini wake wenye umbo la msalaba na kuanza kukizungusha. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Nusu mbele, robo nyuma. Kila alipokirudisha nyuma kulisikika mlio mdogo, tik, kama mtu anayevunja gando la kaa. "Ukienda mbele tu," alisema bila kuinua uso, "vipande vinajazana, chuma kinanasa, kinakatikia ndani, na hapo hata mimi nitakwenda Manila." Vipande vidogo vikatoka, vyeupe, vinang'aa. Alipomaliza akamshika Ditas kidole akakitia shimoni, na nikaona uso wa Ditas ukibadilika. Nami nilitaka kutia changu, lakini nilikuwa juu ya baiskeli.

Sasa shimo lilikuwa na hesi mpya, safi, ila kubwa mno kwa bolti yake. Kilichotakiwa ni kijibomba cha kuishi katikati: nje kiwe na hesi za kushika shimo, ndani kiwe na hesi za kushika bolti. Isko alikata kipande cha shaba kwenye rafadha kuukuu, ile feni ya majini inayosukuma ngalawa, iliyovunjika mapezi kwenye mwamba, akakibana kwenye mashine. "Kanyaga, Nay. Taratibu. Usisimame nisipokwambia."

Nikakanyaga. Shaba ikaanza kuzunguka, nyeusi, chafu, ina magamba ya chumvi. Kisu kikaigusa. Na mle ndani ya uchafu ikatoka dhahabu. Nasema dhahabu kwa kuwa sina neno jingine. Ilijivua ngozi kwa utepe mrefu uliojikunja, ukawa unaning'inia, unatetemeka, unadondoka. Rafadha ile nilikuwa nimeiona miaka mingi imetupwa nyuma ya kibanda, mbwa wanaikojolea.

Hapo ndipo Kulas alipopita. Kulas hapiti mahali, Kulas hufika. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akanitazama nilivyo juu ya pedali, jasho linanitiririka.

"Nay Poten! Baiskeli hiyo inakwenda wapi?"

"Kwenu," nikamjibu. "Nakwenda kumposa baba yako, kaniambia mama yako hamtaki tena."

"Mwendo huo utafika ameshakufa."

"Amenisubiri mpaka leo, atanisubiri."

Akacheka, halafu akamgeukia Ditas. "Day, usijisumbue. Mimi viti vya watoto nimeshavifuta. Kesho saa moja nitakuwa pale. Si kwa ubaya, lakini mtoto wangu naye anavuka, siwezi kumpandisha kwenye injini yenye shimo lililotiwa viraka."

"Njoo upande mwenyewe kesho," alisema Ditas. "Ukae karibu na injini. Ukiona inakutisha, ushuke katikati."

Isko aliomba wanyamaze. Alikuwa amefika mahali pa kukata hesi za nje, na mahali hapo hapataki maneno.

Sasa nielezee kitu nilichokiona, na kama sitaelezea vizuri ni kwa sababu niliishia darasa la sita. Kisu kilikwenda kwenye shaba kutoka mwanzo hadi mwisho kikiacha mstari mwembamba unaozunguka na kusonga, kama mmea mtambaazi unaopanda mti. Mstari mdogo, mkwaruzo tu. Isko akakirudisha kisu mwanzo, akakisogeza ndani kidogo, akaninong'oneza, "Kanyaga." Na kile kisu kikaingia kwenye mkwaruzo uleule. Si kando yake. Mlemle. Akakirudisha tena, kikaingia mlemle. Mara ya nne, ya saba, ya tisa, kila mara ndani zaidi kidogo, na kila mara njia ileile, wakati shaba inazunguka, na mimi ninayeizungusha ni bibi mwenye magoti mabovu anayekanyaga mara kwa kasi mara kwa kuchoka. Nilimuuliza kinajuaje. Akanionyesha parafujo ndefu iliyolala chini ya mashine, yenye urefu wa mkono wangu: ile ndiyo inayokivuta kisu, na inazungushwa na magurudumu yaleyale yanayozungusha shaba, kwa hiyo nikienda mbio vyote vinakwenda mbio, nikichoka vyote vinachoka. Hesi ndefu inazaa hesi fupi.

"Na ile ndefu nani aliikata?"

"Mashine nyingine, yenye ndefu yake."

"Na ile nyingine?"

"Nay, jua linashuka."

Lakini swali likanibaki. Nilianza kukanyaga nikiwa na hasira na magoti yangu, na sasa nilikuwa nakanyaga kama nabeba msalaba kwenye maandamano, mgongo umenyooka, macho hayabanduki. Mimi siwezi kutoka jikoni kwenda chumbani na kukumbuka nilichofuata. Na kuna watu, mahali fulani, walikaa wakafikiri mpaka chuma kikajifunza kukumbuka njia yake. Hata Kulas hakuwa ameondoka. Alikuwa bado mlangoni, mdomo umefunguka kidogo.

Kijibomba kilipokatwa kilikuwa kirefu kama pingili ya kidole, na kizito ajabu kiganjani. Hesi nje, hesi ndani. Isko akakivisha bolti, akafungia nati mbili juu yake zikabanana ili bolti ikizunguka nacho kizunguke, akapaka gundi ya mafundi wa ngalawa, akakiingiza shimoni. Kikashuka bila kulalamika, kikazama mpaka kikalingana na uso wa injini, ukipitisha kidole huoni kitu.

"Gundi ilale mpaka alfajiri," alisema. "Kichwa mtafunga wenyewe asubuhi. Mimi nitakuwa kanisani. Na hapa ndipo penye hatari, Ditas. Ukikaza kidogo, gasketi itapumua katikati ya mlango wa bahari, injini itazima. Ukikaza kupita kiasi, unajua mwenyewe."

"Nitajuaje kiasi?"

"Kuna spana yenye saa ya kupimia nguvu, lakini iko Cebu." Akanitazama. "Nay, mizani yako ya samaki ile ya kuning'iniza, unayo?"

"Ninayo."

"Basi. Chukueni spana yenye urefu wa shubiri moja. Mtundike ndoano ya mizani kwenye ncha yake, Ditas avute mizani, Nay asome. Bolti zote nne mpaka kilo nne, kwa kuvuka: hii, kisha ya mkabala wake. Zote mpaka nane. Zote mpaka kumi na mbili. Hapo acheni." Akanigeukia tena. "Mizani yako ni ya kweli, Nay?"

Kulas alikuwa mlangoni. Kulas hununua samaki kwangu kila Jumanne.

"Kama mizani ya malaika Mikaeli," nikasema.

Isko alichukua nyundo na chuma chenye ncha, agonge ukingo wa kijibomba mara tatu ili kisijifungue. Akagonga ya kwanza. Akagonga ya pili. Ludi akasimama mlango wa nyuma, taulo begani. "Isko. Limegusa." Isko akaiweka nyundo mezani, taratibu, akapangusa mikono.

"Bado moja, Dong!" nikalia.

"Mbili zinatosha," alisema. "Sabato njema, Nay."

Usiku ule sikulala vizuri, na si kwa sababu ya magoti. Alfajiri Ditas alikuwa tayari ameifunga injini kwenye ngalawa, ameweka gasketi, ameweka kichwa, matundu yote yamekaushwa, bolti nne zimeingizwa kwa vidole. Tukatundika mizani. Bolti zikafika kilo nne, zote nne. Zikafika nane. Ditas akapumua, akarudi bolti ya kwanza, tayari kwa kumi na mbili.

Mizani yangu ina springi. Na springi, ukiitundikia jiwe zito wiki mbili kisimani ambako watu hawaoni, huwa inalegea kidogo. Inakuwa na huruma. Samaki wa kilo nne, yenyewe inamwona wa tano. Nimekula kwa mizani ile miaka kumi na moja, na nimekwenda kuungama kila Pasaka, na kila Pasaka jambo hilo likanipitia tu kando.

Nilimwona Ditas ameshika spana. Nikakitazama kichwa cha bolti ya tatu. Nilimdanganya padri, nikawadanganya wanunuzi, na jana yake nilimdanganya Isko machoni. Bolti ile sikuiweza. Haina macho wala masikio, imekaa tu, inangoja kilo zake. Ukiipa kumi ukaiita kumi na mbili, haitabisha, haitakwambia kitu, itakungojea katikati ya mkondo.

"Day," nikasema, "vuta mpaka kumi na tano."

Akasimama. "Isko alisema kumi na mbili."

"Kumi na mbili za Isko ni kumi na tano zangu."

Ilimchukua muda mfupi sana kuelewa. "Nay! Na ile nne tuliyovuta?"

"Ilikuwa tatu na kitu. Nane ilikuwa sita na kitu. Hazijaharibu. Vuta."

"Miaka yote hii, watu wa kisiwa kizima..."

"Vuta kwanza, unitukane baadaye. Saa moja inakaribia."

Akavuta. Ya kwanza ikafika kumi na tano. Ya mkabala, kumi na tano. Akafika ya tatu. Kumi. Kumi na moja. Nilisoma kwa sauti. Kumi na mbili. Ditas alikuwa amefumba macho, anasikiliza kwa mikono. Kumi na tatu. Karibu na hapo ndipo ilipolegea Alhamisi. Mshale ukatetemeka. Kumi na nne. Hakuna kilicholegea. Kumi na tano.

"Acha," nikasema. Akaacha. Bolti ikabaki ilipo, imara kama imezaliwa pale.

Saa moja Mwalimu Vilma alikuwa ufukweni na daftari, na wazazi wake kumi na wawili, na mmoja wao ni Kulas, amevaa shati la kanisani kabisa kama mtu anayekwenda kupokea zawadi. Alikuja akakaa karibu na injini kama alivyoambiwa. Mimi nikakaa upande wa pili. Ditas akavuta kamba ya kuwashia mara moja, ikawaka.

Katikati ya mlango wa bahari maji ya kutoka kaskazini yanakutana na ya kusini, na yanasimama wima, na hapo ndipo injini hulia kwa sababu rafadha inatoka majini na kuingia. Isko aliwahi kuniambia kwamba ndani ya injini ile moto unalipuka mara elfu moja na mia tano kwa dakika, na kila mlipuko unasukuma kichwa king'oke. Nilijaribu kuhesabu nikaishia moja. Niliweka kiganja karibu na pale, si juu, kwani nina akili, nikausikia ule mpigo ukipita mifupani mwangu: sukuma, kataa, sukuma, kataa. Elfu na elfu, na kinachokataa ni kipande cha shaba kirefu kama pingili ya kidole, ambacho juzi kilikuwa takataka. Wimbi likatupiga ubavuni, mkono wa mwanzi wa ngalawa ukazama, mama mmoja akaanza salamu Maria. Kulas alikuwa ameinamisha sikio kwenye injini tangu tulipotoka. Sasa niliona hasikilizi tena kama mtu anayengoja izime. Alikuwa anasikiliza kama mimi.

Tukafika Talisawan. Mwalimu akasaini daftari bila kushuka. Tukageuza, tukapita palepale, tukarudi, na ngalawa ilipogusa mchanga wetu injini ilikuwa bado inaimba. Ditas ndiye aliyeizima, kwa mkono wake. Mwalimu Vilma akaandika jina lake kwa wino, herufi kubwa, akalipigia mstari chini.

Ditas akabaki amekaa pale nyuma, anacheka na machozi yanamtoka. Wanawe wakaja mbio majini wakamparamia shingoni.

Kulas hakushuka. Alikuwa ameinamia injini.

"Ni ipi?" akauliza.

"Ipi nini?" nikasema.

"Iliyotengenezwa. Jana nilikuwepo, nimeona kila kitu kwa macho yangu. Ni ipi?"

Wazazi wakasogea. Mwalimu naye akapanda tena, sketi imeshikwa juu ya magoti. Tukatazama wote bolti nne, zimekaa pembe nne, zina moto, zinafanana. Mtu mmoja akanyoosha kidole, kisha akakirudisha. Chuma kikawa kinapoa, tik, tik, na Wasabato wanaimba kule mwisho wa ufuko.

Ditas akajipangusa uso kwa kiganja chenye oili, akabaki na mstari mweusi shavuni.

"Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu," akawaambia wazazi. "Atakayechelewa ataogelea."